Uzi: Filamu na habari za mauaji ya kihistoria, haki yake tunaipima vipi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Aprili, vipande vya filamu za Rwanda vinaanza kuzunguka kwenye magrupu na ubishi unakuwa ule ule. Huyu anasema filamu fulani imependelea, yule anasema imeonyesha upande mmoja, wa tatu anataka wahusika wote wasikilizwe sawasawa. Nimeyasoma mabishano haya kwa miaka na naona tunapima kwa mizani isiyo yake. Tunadhani kutenda haki ni kugawana dakika: muuaji apewe zake, aliyeuawa apewe zake, mwisho zilingane. Mtu aliyekaa kikao akaandika orodha ya majina ya kuuawa, na mama aliyejificha darini na wanawe, hakuna dakika zitakazowasawazisha hao.

Mimi kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe. Hadithi imeanzishwa siku gani, na imekatwa siku gani? Hapo ndipo mtu anapoweza kudanganya taifa zima huku kila picha anayoonyesha ina chembe ya ukweli.

Chukueni Indonesia. Usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1965, majenerali sita na luteni mmoja waliuawa na maiti zao zikatupwa kwenye kisima cha zamani mahali panapoitwa Lubang Buaya, Jakarta. Jenerali Nasution alinusurika kwa kuruka ukuta, lakini binti yake wa miaka mitano alipigwa risasi akafa siku chache baadaye. Haya yalitokea. Mwaka 1984 serikali ya Suharto, jenerali aliyeshika nchi baada ya hapo, ikatoa filamu ndefu iliyowabebesha wakomunisti lawama ya usiku ule, ikawa inarushwa kwenye televisheni kila 30 Septemba, na wanafunzi wakipelekwa kuitazama, mpaka Suharto alipoanguka mwaka 1998. Kizazi kizima kilikulia humo. Ndani yake kuna mateso ya kutisha kabla ya vifo, wembe ukipita usoni mwa jenerali. Ripoti ya madaktari waliochunguza maiti, uchunguzi ulioamriwa na Suharto mwenyewe, ilichapishwa hadharani mwaka 1987: inataja risasi na majeraha ya vipigo. Huo wembe haumo.

Lakini wembe kwangu ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba filamu inaishia majenerali wakifukuliwa na kuzikwa kwa heshima. Baada ya mazishi yale, ndani ya miezi michache, waliuawa watu wasiopungua nusu milioni, kwa makadirio ya wanahistoria wengi: wakomunisti, waliodhaniwa wakomunisti, wakulima waliodai ardhi, walimu, ndugu zao. Hao wote wako nje ya fremu. Ukimwonyesha mtoto maiti saba kwa saa kadhaa, kila mwaka, halafu usimwonyeshe nusu milioni hata kwa sekunde moja, umemwandaa aione nusu milioni ile kama adhabu iliyostahili.

Kenya ya wakati wa hali ya dharura ya kikoloni ilifanyiwa jambo la namna hiyo. Usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia Lari, wakachoma nyumba za familia zilizokuwa upande wa serikali, wanawake na watoto wakiwa ndani. Ulikuwa unyama na hakuna haja ya kuupaka rangi. Picha zake zilisambazwa na serikali ya kikoloni mpaka Uingereza. Kilichofuata kuanzia usiku ule ule, askari wa nyumbani (Home Guard, Waafrika waliokuwa upande wa serikali) na vikosi vya usalama kuingia vijijini kulipiza kisasi, hakikupata mpiga picha. Wanahistoria waliolichimba tukio lile wanaamini waliouawa kwenye kisasi walikuwa wengi kuliko wa shambulio la kwanza. Filamu za Uingereza na Marekani za miaka ile nazo zikawa na mandhari moja: nyumba ya mlowezi, usiku, mapanga gizani. Walowezi wa Kizungu waliouawa katika vita nzima ni 32. Mau Mau waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni zaidi ya 11,000, na walionyongwa kwa hukumu za mahakama ni zaidi ya 1,000.

Nasema tena, Lari ilitokea. Aliyeificha Lari anadanganya, na aliyeanza na kumaliza na Lari anadanganya pia.

Naomba kuwasilisha. Nitaendelea kadiri mnavyochangia.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwa muuaji kutopewa dakika umeniacha. Tukimnyima sauti si tutakuwa tunatengeneza mashetani wenye pembe? Waliofanya yale walikuwa watu wa kawaida, majirani, wengine vijana wadogo kabisa. Kizazi kijacho kitamtambuaje muuaji kama kila filamu inamwonyesha ana macho mekundu?

#3 Mleta uzi

Swali zito mkuu, na nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Sijasema muuaji asisikilizwe. Ninachokataa ni kumsikiliza kana kwamba maneno yake ni nusu ya ukweli inayosubiri nusu ya pili kutoka kwa maiti.

Kuna filamu ya Rithy Panh ya mwaka 2003 kuhusu S-21, shule ya Phnom Penh, Kambodia, ambayo Khmer Rouge, wakomunisti waliokuwa wakitawala nchi ile, waliigeuza gereza. Zaidi ya watu 12,000 walipita pale na walionusurika ni wa kuhesabu kwa vidole. Panh, ambaye yeye mwenyewe alipoteza familia chini ya utawala ule, aliwarudisha waliokuwa walinzi kwenye jengo lile lile. Yumo mmoja aliyeingizwa kazini akiwa bado mtoto. Hamuulizi sana. Anamwacha aonyeshe zamu yake ilivyokuwa. Mtu yule anatembea kwenye veranda, anafungua mlango ambao haupo, anaingia chumba kitupu, anafoka: kaa chini, usilie, lete shati lako. Anachukua kopo la mkojo lisilokuwepo, analirudisha, anafunga kufuli kwa mikono mitupu. Mwili umekumbuka kila kitu kwa miaka zaidi ya 20.

Sasa tazama kamera. Inamfuata verandani na inamtazama dirishani, ila anapoingia chumbani yenyewe inabaki mlangoni. Sakafu ile ilijaa watu waliolala wamefungwa pingu miguuni, na Panh hakutaka kamera yake iwakanyage. Chumba ni kitupu kabisa, lakini anawaheshimu kana kwamba bado wamo. Muuaji amepewa nafasi kubwa kuliko kwenye filamu nyingi, kazungumza, kaonyesha, na hakuna mtazamaji anayetoka pale akimtetea. Wala hatoki akidhani ni shetani. Anatoka akijua namna kijana wa kijijini anavyofundishwa kufunga kufuli.

Indonesia pia ipo filamu ya 2012 ambamo wauaji wa Medan wanaigiza mauaji yao wenyewe, mmoja anaonyesha juu ya paa alivyokuwa akiua kwa waya na kisha anacheza dansi. Ni kazi ya kutisha na ilisaidia kuvunja ukimya. Watu wengi wa nchini humo waliofanya kazi nyuma ya kamera wameandikwa kwenye orodha ya mwisho kuwa hawana majina, kwa kuhofia maisha yao. Lakini ukiniuliza, ikisimama peke yake ina upungufu: unajua ndoto za muuaji kuliko unavyojua jina hata moja la aliyeuawa. Mwongozaji huyo huyo alitoa nyingine mwaka 2014, safari hii anamfuata mpima macho ambaye kaka yake aliuawa. Anakwenda kwa wazee wale, anawavalisha fremu ya kupimia, anabadilisha lenzi, na huku anauliza maswali taratibu. Ninyi mnaotaka kuona wauaji wakipewa sauti, tazameni hiyo ya pili. Aliyeuliza ni mwenye msiba.

#4 Mchangiaji

Vipi kuhusu ile filamu ya hoteli ya Kigali, Hotel Rwanda? Wengi wetu ndiyo iliyotufundisha kuhusu 1994. Leo naambiwa ni ya uongo, kesho naambiwa anayesema ni ya uongo katumwa na siasa. Tushike lipi?

#5 Mleta uzi

Hapo ndugu yangu ni lazima utenganishe mambo mawili, maana yamefungwa kwenye mzigo mmoja.

La kwanza ni mtu. Filamu ilitoka mwaka 2004, inamhusu Paul Rusesabagina na watu 1,268 waliojificha Hôtel des Mille Collines. Baadhi ya waliokuwemo hotelini walijitokeza kupinga namna alivyoonyeshwa, wengine walimtetea. Baadaye akawa mpinzani wa serikali ya Rwanda, mwaka 2021 akahukumiwa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, na Machi 2023 akaachiwa. Kwa hiyo ubishi juu ya filamu ukageuka ubishi juu ya siasa za leo, na kila upande unaivuta kamba. Mimi siwezi kukuhukumia huyo mtu kwa kutazama skrini. Ila hili lenyewe ni somo kwa watengeneza filamu: ukimbebesha mtu mmoja aliye hai historia ya mauaji yote, kesho akibadilika au akichafuliwa, historia inachafuka naye.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi, nalo halihusu tabia ya mtu. Ni hoteli yenyewe. Watu walionusurika pale ni jambo la kushukuru, lakini hoteli haikuwa mauaji ya Rwanda yalivyokuwa. Mauaji ya Rwanda yalikuwa kanisa la Ntarama, kanisa la Nyamata, shule ya Murambi, kanisa la Nyarubuye. Watu walikimbilia kwenye nyumba za Mungu kwa kuwa miaka ya nyuma makanisa yaliwahi kuwaokoa, na safari hii wakauawa kwa maelfu humo humo, mara nyingi na watu waliowajua kwa majina. Hapakuwa na meneja wa kuongea na majenerali kwa simu. Soko la filamu linapenda atakayeokoa, kwa hiyo linakwenda kutafuta mahali pa nadra palipookoka na kutuletea hapo kama picha ya nchi nzima. Mtazamaji anatoka na machozi na faraja pamoja. Faraja hiyo hawakuipata wengi wa waliokuwa Rwanda.

Halafu sehemu kubwa ya filamu ile ilipigwa Afrika Kusini. Linganisheni na ya Raoul Peck ya mwaka 2005 iliyopigwa Rwanda kwenyewe, na nyingine ya Waingereza ya mwaka huo huo iliyopigwa kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kigali, pale pale ambapo 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walipanda magari wakaondoka na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 langoni. Manusura walifanya kazi kwenye filamu ile, na mwishoni sura zao zinaonyeshwa. Nayo haijakamilika, mashujaa wake wakuu bado ni Wazungu wawili, na hilo limelalamikiwa kwa haki kabisa. Lakini ile orodha ya mwisho yenye sura za manusura inafanya kitu ambacho hotuba yoyote ya mhusika mkuu haiwezi.

#6 Mchangiaji

Shikamooni wakubwa humu. Mimi ni mwandishi wa habari, bado mchanga kazini. Kwenye chumba chetu cha habari tunabishana kila siku kuhusu picha za maiti kwenye makala za kumbukumbu. Wengine wanasema zisiwekwe kabisa, ni kuwadhalilisha marehemu. Wengine wanasema tukizificha tunawasaidia wanaokanusha. Kaka mleta uzi unasemaje?

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hapa nitakaa kidogo.

Mei 1904 kule Baringa, Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, baba mmoja anayeitwa Nsala alifika kwenye misheni akiwa na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na kiganja na mguu mdogo, mabaki ya binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa na kamera, alimkalisha ukingoni mwa baraza na mabaki yale yakawekwa mbele yake. Picha ilipangwa, na hilo si siri. Nsala hatazami kamera, anatazama kiganja. Nyuma kabisa wapo watu wawili wanamwangalia yeye. Hakuna damu, hakuna mwili uliofumuliwa. Ile picha na nyingine za Harris zilipelekwa Uingereza na Marekani zikaonyeshwa ukutani kwa taa za slaidi mbele ya kumbi zilizojaa watu, na zilichangia sana shinikizo lililomfanya Leopold apokonywe Kongo mwaka 1908.

Kilichoipa nguvu ni kwamba tunajua jina la baba, jina la mtoto, kijiji, na waliofanya. Leo picha hiyo hiyo inazunguka mitandaoni imeandikwa maelezo ya kubuni juu yake, mara eti baba alikatwa, mara eti alishindwa kufikisha kilo fulani. Picha ni ile ile na haki imetoweka, kwa sababu ya maandishi matatu chini yake.

Sasa njoo Kigali, Aprili 1994. Mpiga picha mmoja wa Uingereza akiwa juu ya jengo la shule ya Wafaransa alirekodi kwa mbali watu wakiuawa kwa marungu barabarani. Mwanamke anaonekana amepiga magoti kati ya miili, mikono juu, anasihi. Ni kati ya video chache mno zinazoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka, na ilitumika kama ushahidi katika mahakama ya kimataifa ya Arusha. Ilirushwa na kurushwa duniani kote, dokumentari baada ya dokumentari. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza yule mama ni nani. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi baadaye ndipo mwandishi mmoja wa Kanada alipokwenda mtaani pale na kuuliza, akapata majina, akakuta familia. Hebu fikiria hilo: dunia nzima imemwona mtu akifa, na ndugu zake hawajawahi kuulizwa neno.

Kwa hiyo jibu langu kwako: kabla hujabishana kama picha iwekwe au isiwekwe, fanya kazi ya kutafuta jina. Ukishalipata jina na ukawapata wenyewe, mara nyingi jibu la kuweka au kutoweka watakupa wao. Ukikosa kabisa, andika mahali, tarehe, aliyepiga, na waliokuwa wanaua. Picha isiyo na hayo inamwambia mtazamaji tu kwamba "kule" watu huuana.

Na hilo la "kule" ndilo lililotokea Julai 1994. Wakati wa mauaji, kamera za kigeni Rwanda zilikuwa chache. Watu karibu milioni moja walipovuka kuingia Goma na kipindupindu kikawafyeka, kamera zikamiminika. Watazamaji wengi Ulaya na Marekani waliona maiti za Goma wakadhani wanaona waathirika wa mauaji ya kimbari, na misaada ikatiririka kwenye kambi zilizokuwa chini ya mikono ya waliopanga mauaji hayo. Maiti za Goma zilikuwa za kweli, na watoto waliokufa kwa kipindupindu hawakuwa na hatia. Ila hadithi ilianzishwa Julai badala ya Aprili. Mnaona narudi kwenye tarehe.

Na usiandike taarifa ya serikali kama ilivyo halafu ukalala. 3 Machi 1959 kambini Hola, Kenya, mahabusu 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Ni uchunguzi wa maiti ndio uliotoa ukweli nje.

#8 Mchangiaji

Na zile picha za helikopta za Zanzibar 1964 je? Nyumbani kwetu ukizitaja tu watu wanagawanyika.

#9 Mleta uzi

Nilijua zitafika tu.

Picha zile zimo kwenye filamu ya Waitaliano ya mwaka 1966, Africa Addio. Picha za kutoka angani zinaonyesha maiti na makaburi ya pamoja baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Kwamba Waarabu na Wahindi waliuawa na kuporwa baada ya mapinduzi yale, hilo lilitokea. Idadi inabishaniwa hadi leo. Tatizo ni sauti ya msimulizi na mpangilio wa filamu nzima: Mzungu ameondoka Afrika, tazameni wanavyochinjana wenyewe na wanavyochinja wanyama. Hakuna utumwa kabla yake, hakuna mashamba ya karafuu na nani alimiliki nini, hakuna chaguzi zilizozozaniwa za miaka ile. Inaanza siku ya panga.

Matokeo yake tumepata makundi mawili. Wapo wanaokataa picha kwa sababu ya sauti, wakisema zote ni propaganda. Wapo waliomeza sauti kwa sababu ya picha. Mimi naona picha zibaki kuwa ushahidi wa kuchunguzwa, kama hakimu anavyopokea kidhibiti kutoka kwa shahidi asiyeaminika, na sauti ile ikataliwe. Aliyelala kwenye kaburi lile hakuchagua nani ampige picha. Na mjukuu wa mtumwa shambani naye ana haki ya kusimuliwa ilikuwaje kabla ya Januari.

Mwaka huo huo wa 1966, Mwitaliano mwingine, Gillo Pontecorvo, alitoa filamu yake kuhusu vita vya Algiers. Hii ningependa kila mtu humu aitazame. Ina upande. Haifichi: Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Wafaransa, mjini Algiers, ni mmoja wa waandaaji na anaigiza ndani yake. Ufaransa iliizuia kwa miaka. Na bado ni ya haki kuliko nyingi zinazojiita hazina upande.

Polisi wanatega bomu usiku Casbah, mtaa wa kale wa Waaljeria, nyumba za Waaljeria zinaporomoka, watoto wanatolewa vifusini. Halafu wanawake watatu wa FLN wanabeba mabomu kwenda mtaa wa Wazungu. Mmoja anakaa kwenye mkahawa, kikapu chini ya kiti. Na hapo kamera inafanya jambo ambalo mpiga propaganda asingelifanya hata kwa kushikiwa bunduki: inazunguka taratibu kwenye nyuso. Mwanamume anakunywa, vijana wanacheka, mtoto mdogo analamba aiskrimu. Unalazimika kuwaona wanaokaribia kufa. Bomu linalipuka, na muziki unaopigwa juu ya maiti zao ni ule ule wa maombolezo uliopigwa juu ya watoto wa Casbah. Hakuna anayeambiwa pande hizi mbili ziko sawa. Mpangilio unaonyesha wazi nani alimtawala nani, nani alianza kulipua usiku ule, nani alitesa watu kwa umeme na maji. Lakini kifo cha mtoto hakibadilishiwi muziki kwa sababu ya rangi yake.

Pontecorvo huyo huyo, miaka sita nyuma, alitengeneza filamu kuhusu kambi za Wanazi ambamo mfungwa anajirusha kwenye seng'enge ya umeme, na kamera ikasogea mbele polepole kuupanga mwili wake vizuri kwenye fremu. Mwaka 1961 mhakiki Jacques Rivette alimshambulia vikali kwa mwendo huo mmoja wa kamera, kwamba mtu anayetafuta fremu nzuri wakati ule anastahili dharau. Watu wengine wanaona ni ukali uliopitiliza. Mimi niko na Rivette. Huwezi kuurembesha mwili ule bila kusimama kwanza mahali ambapo mwili ni malighafi yako.

#10 Mchangiaji

Mkuu na hizi picha za akili mnemba? Siku hizi unakutana na "mtoto wa Auschwitz" mwenye jina na hadithi, kumbe hakuwahi kuwepo.

#11 Mleta uzi

Makumbusho ya Auschwitz yenyewe ilitoa onyo hadharani mwaka 2025 kuhusu kurasa zinazotengeneza picha za namna hiyo kwa ajili ya kupata watazamaji. Kwangu hakuna mjadala. Watu zaidi ya milioni moja waliuawa pale, wengi bila kubaki hata picha moja. Ukimtungia sura mtu ambaye hakuwepo, unampa anayekanusha silaha aliyokuwa anaitafuta: "si mnaona, zote zinatengenezwa." Rithy Panh alikosa picha za utoto wake chini ya Khmer Rouge, akatumia vinyago vya udongo kutengenezea filamu mwaka 2013. Hakuna anayeweza kukitazama kinyago cha udongo akadhani ni picha ya mwaka 1975. Pengo lake aliliacha lionekane.

#12 Mchangiaji

Nina mswada wa filamu fupi kuhusu Maji Maji, hasa Songea. Bajeti ndogo sana. Nianzie wapi?

#13 Mleta uzi

Hongera sana ndugu yangu. Kwanza tazama filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa Tanzania, inayofuata familia ya Nduna Songea Mbano ikitafuta kichwa cha babu yao kilichochukuliwa baada ya kunyongwa mwaka 1906. Wenye msiba ndio wanaosafiri, ndio wanaouliza, ndio wanaobishana na ofisi. Kisha tazama ile ya Wajerumani ya mwaka 2023 kuhusu mauaji ya Waherero na Wanama, katika Namibia ya leo, ya 1904 hadi 1908. Nia yake ni kukiri uovu wa Ujerumani, na inaukiri. Ila aliyewekwa katikati ni msomi wa Kijerumani na dhamiri yake inavyoharibika, na Waherero wanabaki kuwa mahali ambapo dhamiri hiyo inaharibikia. Ukiziona hizo mbili kwa kufuatana utajua mswada wako umesimama wapi.

Pili, kama utaigiza, usichukue waigizaji wa ziada kutoka kwenye koo zilizonyongwa ukawafunga kamba shingoni bila mazungumzo marefu na wazee wao kwanza. Wasome mswada. Wawe na uwezo wa kukukatalia tukio, na uandike hivyo kwenye mkataba. Uwalipe kama wataalamu wengine unaowalipa, maana wewe ndiye unayejifunza kwao. Na ukibuni mhusika, mtaje kuwa wa kubuni, usijifiche nyuma ya "kisa cha kweli".

Tatu, na hili ndilo ningelipigania kama ningekuwa kwenye meza yako ya uhariri. Kila mtu atakushauri umalizie kwenye vitanzi vya Februari 1906, kwa kuwa pale pana picha kali: wakuu wa Wangoni, kamba, askari wamejipanga. Usikatie hapo. Wengi wa waliokufa Maji Maji hawakunyongwa wala kupigwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala makusudi ili watu wasalimu amri. Makadirio ya juu yanafika watu 300,000. Njaa ni ngumu kuipiga picha, haina siku moja, haina jemadari anayepandisha mkono. Lakini ukikata kwenye vitanzi, utakuwa umesimulia vita vya wanaume waliouawa kwa kupigana, na wanawake na watoto waliokufa mwaka uliofuata watabaki nje ya fremu, kama wale nusu milioni wa Indonesia.

Ukiwa tayari tuma mswada kwa ujumbe wa pembeni, nitausoma wote. Na kama kuna mwenyeji wa Songea, Liwale, Kilwa au Mahenge humu ambaye kwao bado inasimuliwa waliishije ile njaa, walikula nini, walikimbilia wapi, naomba aandike hapa chini. Huyu ndugu anahitaji hayo zaidi ya ushauri wangu.